Barua kwa Baba Rukia: nimefungua sampo ya giaboksi

Shangani, Mtwara
9 Agosti 2025

Baba Rukia,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, isipokuwa bibi yake mwanangu Zuhura, magoti yanamsumbua na huu upepo wa kusi.

Sauti yako niliisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimelala chini ya gari na oili inanidondokea kwenye kiwiko. Nikaona nisikujibu kwa simu. Mambo haya nikikwambia kwa mdomo utashika nusu, hiyo nusu utamsimulia fundi wako, naye atashika robo. Shangazi yake Rukia anakuja Lindi keshokutwa, nimempa bahasha hii pamoja na ming'oko, vile viazi vya porini, ya mama. Ming'oko ni ya mama, usije ukaimaliza wewe njiani kwako.

Umeuliza kama ni kweli oili ya giaboksi ya otomatiki haibadilishwi. Mimi nimeishi na maneno hayo miaka minne. Fundi wa kwanza kufungua boneti ya hii Toyota Carina yangu alinikataza kabisa: "Mwalimu, haidroliki ya giaboksi usiiguse, ukiibadilisha tu giaboksi inakufa." Nikamwamini, maana alisema kwa uso wa mtu aliyezika giaboksi nyingi. Na kweli alikuwa amezizika. Sasa naelewa alichokuwa anakiona. Sisi wenye magari hatuikumbuki giaboksi mpaka ianze kuteleza. Hapo ndipo tunakimbilia oili mpya, gari likifa wiki inayofuata oili ndiyo inabebeshwa kesi, na zile sahani za msuguano, zinazoshikana humo ndani ili gia ivute, zilizokwisha kwa miaka kumi, hakuna anayezitaja.

Langu halikuwa limefika huko, ila lilikuwa njiani. Lilianza Novemba, msimu wa korosho, nilipompeleka shemeji Newala na mizigo imejaa mpaka kiti cha nyuma. Tulipoanza kupanda kule juu kwenye uwanda wa Makonde, likawa linabadili gia, linajuta, linarudi. Baada ya safari ile, asubuhi nikitia R, gia ya kurudi nyuma, lilikuwa linakaa kimya kwanza kama linawaza, halafu linashtuka, du! Zuhura akawa anashika dashibodi kabla sijagusa gia.

Kabla hujashika spana, fanya nilichokifanya mimi. Chomoa kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe ya daftari, acha yatambae. Oili mpya ni nyekundu, kama juisi ya rosela. Yangu ilikuwa ya hudhurungi, chai iliyolala, lakini haikunuka kuungua, na kwenye karatasi haikuacha chembe. Hiyo ni oili iliyochoka, inabadilishika. Ikiwa nyeusi na inanuka kama breki za lori linaloshuka mlima, sahani zimeshaungua. Ikiwa ya waridi na nzito kama juisi iliyotiwa maziwa, basi kuna maji ndani. Hapo usiliwashe tena gari mpaka ujue yameingilia wapi. Maji huingia kwa njia mbili: gari limezama kwenye maji hadi giaboksi ikayanywa kupitia tundu lake la kupumulia, au rejeta imetoboka ndani, kwa sababu katika magari haya oili ya giaboksi hupozwa kwenye tangi la rejeta hiyohiyo. Nakutajia hili kwa kuwa huyo aliyekuuzia alisema gari lilitoka Dar Mei ya mwaka jana, na unakumbuka mwezi ule kimbunga Hidaya na mvua zake ziliifanya nini barabara ya Dar kuja Lindi pale Somanga.

Sasa oili yenyewe. Hapa ndipo nilipojikasirikia. Kwenye kijiti cha gari langu kumeandikwa waziwazi aina ya oili: T-IV. Miaka yote minne nimekichomoa, nikakifuta, sikuwahi kusoma. Gereji moja hapa mjini, siitaji, waliwahi kuniongezea nusu lita "ile nyekundu", na mimi nikasimama pembeni nikiitikia. Nyekundu ni rangi tu, imetiwa ili ukiona tone sakafuni ujue si ya injini. Dexron nyekundu, T-IV nyekundu, WS nyekundu, na kila moja ina namna yake ya kuzishika zile sahani. WS ni nyepesi kuliko T-IV, haiingii mahali pake. Na yule jirani yako mwenye gari la CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia, mwambie yake ni nyingine kabisa, akitia hizi zetu ataua mkanda wake wa chuma. Soma kijiti, na kama hakisomeki, tafuta kitabu cha gari.

Filta niliagiza Dar, ikaja na basi, nikaifuata stendi saa mbili usiku kama naenda kupokea mgeni. Kufungua, siyo. Matundu ya bolti yanafanana, shingo fupi. Kosa langu: nilimwambia muuzaji "Carina Ti" nikadhani nimemaliza. Carina zilitoka na giaboksi zaidi ya moja. Kwenye kile kibati cha namba za gari pana mstari wenye herufi za giaboksi. Kipige picha, mtumie muuzaji kabla hajakutajia bei. Ya pili ilikuja sahihi, pamoja na gasketi ya sampo, lile bakuli la bati chini ya giaboksi linalokaa oili, na washa ya nati ya kumwagia oili.

Kazi yenyewe nimeifanya uani. Unaujua uani wetu, mchanga mtupu. Jeki niliipandisha, gari halikupanda, jeki ndiyo ilishuka. Nikatandika mbao mbili nene za mkorosho, moja kwa urefu moja kwa upana, ndipo ikasimama. Na hapa nakusihi, Baba Rukia, nakujua: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ya kuchungulia. Nilikopa stendi nne za chuma za kushikilia gari kwa kijana wa welding, kila moja juu ya ubao wake, tairi zote mbili za akiba, langu na la jirani, nikazilaza chini ya bodi, halafu nikalisukuma gari kwa bega kabla ya kulala chini. Likitikisika kwa bega lako, litakuangukia ukivuta spana.

Nililiendesha kwanza kidogo, hadi Mikindani na kurudi, nikaliacha lipoe. Oili ya vuguvugu inatoka na uchafu wake, ila ikiwa ya moto inababua. Nati ya kumwagia ikafunguka, ikatoka mkondo mweusi kuliko nilivyotegemea. Ukakoma. Ukidhani imeisha umeumia: ndani ya sampo bado ipo. Unalegeza bolti zote, namba 10, unatoa za upande mmoja, sampo inainama kona moja na kumwaga kwenye karai. Mimi niliishusha sawasawa kama mtu anayeteremsha sufuria ya uji, na uji ukanimwagikia.

Ndani ya sampo utakuta sumaku ndogo. Zangu zilikuwa zimevaa manyoya ya kijivu, laini, ukipaka kati ya vidole ni kama grisi yenye majivu. Nikashtuka, kumbe ndiyo kazi yake: chuma kinachosagika kidogo kidogo kinakaa pale badala ya kuzunguka. Cha kuogopa ni vipande, yaani kitu kinachochoma kidole au kinachong'aa kama magamba ya samaki. Sikukuta. Nikaziosha kwa petroli, nikaziacha zikauke, nikazirudisha palepale zilipokuwa.

Filta imeshikwa na bolti chache, na hazilingani urefu. Nilichora umbo lake kwenye kipande cha boksi, nikatoboa matundu, kila bolti nikaichomeka mahali pake. Zuhura alinicheka, lakini bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inapasua bati la ndani, na hilo halina spea hapa Mtwara. Ukiitoa filta, oili nyingine inashuka, kwa hiyo funga mdomo. Usifute chochote humo ndani kwa tambara la shati la zamani. Uzi mmoja ukiingia kwenye mifereji ya vali, gia inakwama na hutajua kwa nini.

Kuhusu gasketi tutagombana, najua, wewe ni mtu wa silikoni. Mimi sikuweka. Gasketi mpya inataka sehemu mbili kavu na safi, basi. Silikoni ikizidi inajiminya kwenda ndani, inakatika, inavutwa kwenye filta. Na usikaze kwa hasira. Nati za tairi za Toyota hizi hukazwa Nm 103, kipimo cha nguvu ya kukazia, bolti za sampo hazifiki hata 10. Shika spana kwa vidole karibu na kichwa chake, kaza kwa kuvuka, huku na ng'ambo, raundi mbili au tatu. Ukingo wa sampo yangu ulikuwa umeshapinda kwenye kila tundu, kazi ya mtu mwenye nguvu kabla yangu. Nikaulaza juu ya gogo, nikaunyoosha kwa nyundo polepole.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo hasa nililotaka kukuandikia. Usitie tone la oili mpya kabla hujapima kilichotoka. Mimi nilikimimina kwenye chupa za maji za lita moja na nusu: zikajaa mbili na theluthi moja hivi, yaani kama lita tatu na nusu. Nikarudisha kiasi hichohicho kupitia mrija wa kijiti, kwa faneli yenye shingo ndefu. Nyingine, nyingi tu, inabaki ndani ya konveta, lile duara lililobanwa kati ya injini na giaboksi, na haitoki kwa nati ya chini. Ndiyo maana mtu anayekuuzia lita nane "za kubadilisha zote" kwa kumwaga chini tu, anakuuzia dumu.

Baada ya hapo washa gari likiwa mahali tambarare, mguu kwenye breki, pitisha gia kila kituo, subiri kidogo, rudi P. Pima injini ikiwa inanguruma. Ukiizima oili inashuka na kijiti kinakudanganya. Alama za chini ni za gari la baridi, za juu ni za gari lililotembea na kupata moto, na hizo za juu ndizo za kuamini. Nilizunguka hadi Naliendele, nikarudi, nikapima, ikakosekana kidogo, nikaongeza kwa kikombe cha kahawa. Kikombe cha kahawa, si chupa! Ikizidi inapigwa povu, na povu haliwezi kusukuma gia. Ikipungua pampu inavuta hewa, matokeo ni yaleyale.

Limeponaje? R sasa inaingia bila kuwaza. Mshtuko umebaki kidogo asubuhi za baridi, sitakudanganya. Oili kwenye kijiti imeshaanza kuwa nyekundu chafu, kwa sababu imechanganyika na ile ya konveta. Mwezi ujao nitamwaga tena kwa nati tu, bila kufungua sampo, na safari ya tatu ikibidi. Oili chafu iko kwenye dumu mlangoni, mjomba anaitaka apake nguzo za banda zisiliwe na mchwa. Bora huko kuliko kwenye mchanga huu unaokwenda moja kwa moja kisimani.

Sasa lako. Umesema likiwa la moto injini inapiga kelele lakini gari haliendi, na fundi wako anataka ununue galoni mbili za oili. Usinunue bado. Huko kuteleza kukiwa kikali hakuoshwi kwa oili, na sitaki uje useme mimi ndiye niliyekuponza. Chukua karatasi ya daftari la Rukia, dondosha hayo matone mawili, iache usiku mzima, asubuhi uinuse, uipige picha juani unitumie, pamoja na ya kile kibati. Ikiwa inafanana na yangu, njoo nalo Jumamosi ya tarehe 23, taratibu, usikimbizane na mabasi, na uje na mbao zako, zangu mbili zimeshazama. Ikiwa inanuka, liache Lindi, tutamtafuta mtu wa kufungua giaboksi yenyewe tujue kimebaki nini, na ile hela ya galoni itatangulia huko.

Msalimie Mama Rukia na watoto.

Nduguyo,
Baba Zuhura