Barua kwa Mwanaidi: nasari ikipiga simu kwamba mtoto anaumwa

Leicester, 9 Februari 2026

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Nimefurahi mno kusikia Yusra amepata nafasi nasari na wewe unaanza kazi kwenye nyumba ya wazee mwezi ujao. Umeniuliza kuhusu nguo za akiba na chakula chake. Hayo ni mepesi, nasari yenyewe itakwambia. Ninalotaka ulijue mapema ni sera ya magonjwa, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoamua siku ngapi utaweza kwenda kazini kati ya sasa na mwaka ujao.

Kwetu mtoto akiamka na homa hubaki na bibi yake au dada wa kazi, mama akashika njia. Hapa nyinyi ni wawili tu, wewe na mumeo, na nasari haimpokei mtoto mgonjwa. Usiwaone wakali bure. England sheria inataka mlezi mmoja kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, na mmoja kwa watoto 5 wa miaka 2. Walezi wawili wakiambukizwa kutapika wiki moja, chumba kizima kinaweza kufungwa, na hapo hata wazazi wa watoto wazima hawaendi kazini.

Kabla hujasaini, omba sera ya magonjwa kwa maandishi, uisome kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Kuna mwongozo wa taifa unaotolewa na UKHSA, shirika la serikali la usalama wa afya, unaoeleza kila ugonjwa mtoto abaki nyumbani muda gani. Lakini ule ni mwongozo tu. Nasari binafsi inaweza kuweka masharti makali zaidi, na ukishasaini umeyakubali. Kwa hiyo waulize sasa: homa kwao inaanzia nyuzi ngapi, 37.5 au 38? (NHS, huduma ya afya ya taifa, inahesabu 38 na kuendelea.) Nepi ngapi za kuharisha ndipo wanapiga simu? Akianza antibayotiki arudi baada ya saa ngapi? Wakipiga simu unatakiwa ufike ndani ya muda gani? Ada ya siku asiyokwenda unalipa? Hili la mwisho nakwambia mapema: karibu kote unalipa, maana mishahara ya walezi haipungui kwa Yusra kutokuwepo.

Sasa kanuni itakayokugharimu zaidi kuliko nyingine zote: saa 48 za kuharisha na kutapika. Wazazi wengi huanza kuhesabu tangu walipomchukua mtoto. Sivyo. Saa zinahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoharisha au kutapika. Akiharisha mara ya mwisho Jumatatu saa 9 alasiri, saa 48 zinatimia Jumatano saa 9 alasiri, yaani kwa kweli anarudi Alhamisi asubuhi. Akiharisha tena Jumanne saa 6 mchana, saa inaanza upya, na kurudi kunakuwa Ijumaa. Ndiyo maana kila nepi iandikwe na saa yake, kwenye simu au kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni, ili wewe na shemeji msibishane na nasari kwa kukisia. Kitabibu kuharisha ni choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, ila nasari nyingi hazisubiri ya tatu. Antibayotiki nazo huweza kulegeza choo. Kama Yusra anazitumia, mwambie mlezi asubuhi, na uombe iandikwe kwenye faili lake.

Na saa 48 hizo zinakuhusu wewe mwenyewe pia. Ukiambukizwa na mtoto, huruhusiwi kuingia nyumba ya wazee mpaka zitimie, na shemeji vivyo hivyo wodini kwake hospitali. Kirusi kinacholeta sana kutapika majira ya baridi, norovirus, hakifi vizuri kwa jeli ya spiriti. Nawa kwa sabuni na maji, futa choo na sinki kwa dawa yenye klorini, fua mashuka peke yake kwa maji ya moto. Ukifanya hivyo tangu tapiko la kwanza unaweza kuokoa nusu ya nyumba.

Kwa magonjwa mengine, hivi ndivyo mwongozo ulivyo. Tetekuwanga: angalau siku 5 tangu vipele vitokee, na mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya vigaga. Hata kimoja kikiwa bado kibichi, habari haijaisha. Usimpe ibuprofen akiwa na tetekuwanga mpaka daktari aseme, paracetamol inatosha. Na kumbuka ugonjwa huu huchukua wiki 1 hadi 3 kujitokeza, kwa hiyo ndugu yake Hamad anaweza kuupata Yusra akiwa anapona, mkaanza duru ya pili. Surua: siku 4 tangu upele utokee, na ndugu asiyechanjwa anaweza kuambiwa akae nyumbani hadi siku 21. Homa ya skaleti, ile yenye koo jekundu na upele mkavu kama msasa: saa 24 tangu dozi ya kwanza ya antibayotiki. Impetigo, vidonda vya usoni vyenye ganda la rangi ya asali: mpaka vikauke, au saa 48 tangu aanze dawa. Kifaduro: saa 48 tangu aanze antibayotiki. Upele wa kuwasha (scabies): mpaka atibiwe mara ya kwanza, na mnatibiwa nyumba nzima kwa pamoja, la sivyo unarudi.

Halafu kuna yale ambayo mwongozo hautaki mtoto azuiwe kabisa, na hapa ndipo wazazi wanapoteza siku bila sababu. Macho mekundu hayamo. Ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo haumo, maadamu mtoto anakula na kucheza. Mafua ya kawaida, chawa, minyoo na mafindofindo havimo. Lakini nasari nyingi zinawarudisha watoto wenye macho mekundu na kudai dawa ya matone kwanza. Ikitokea, usigombane mlangoni. Mwombe meneja, si mlezi wa chumba, akuonyeshe kifungu kwenye sera yao. Kama sera inasema inafuata UKHSA, umpelekee ukurasa wa mwongozo kwenye barua pepe. Kama sera yao inasema wazi mtoto azuiwe, huna la kufanya siku hiyo. Ndiyo maana nakwambia ulizungumze kabla ya kusaini.

Wakikwambia ulete barua ya GP, yaani daktari wenu wa zahanati, kwamba amepona, usipoteze asubuhi yako kwenye simu ya zahanati. Madaktari wa NHS hawalazimiki kuandika barua za namna hiyo, na wakikubali wanaweza kukutoza. Kwa mambo madogo mfamasia ni msaada mkubwa zaidi. Tangu 31 Januari 2024, kwa mpango wa Pharmacy First, mfamasia wa England anaweza kutibu mwenyewe impetigo kuanzia mwaka 1, na maumivu ya sikio kuanzia mwaka 1 hadi 17, pamoja na kutoa antibayotiki inapohitajika. Ukiingia saa 3 asubuhi, ukampa dozi ya kwanza papo hapo na kuandika saa, muda wa kurudi umeanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Ukisubiri miadi ya kesho umejiongezea siku nzima.

Nakusihi jambo moja, shoga yangu. Usimpe paracetamol asubuhi ili kuficha homa. Najua shinikizo la shifti lilivyo, na wanaofanya hivyo si wazazi wabaya. Lakini dawa hufanya kazi saa 4 hadi 6. Ukimpa saa 12 na nusu asubuhi, kati ya saa 4 na nusu asubuhi na saa 6 na nusu mchana homa imerudi na simu inalia, nawe umeondoka kazini katikati ya shifti badala ya kutoa taarifa mapema. Kibaya zaidi, walezi wasipojua wanaweza kumwongezea dozi kabla ya saa 4 kupita, na kwa siku hazitakiwi kuzidi dozi 4. Watakuuliza mlangoni kama amepewa dawa yoyote. Jibu kweli, taja na saa.

Chanjo nazo zipangie. Akitimiza mwaka mwezi ujao atachomwa kadhaa kwa siku moja, na ile ya MenB, ya homa ya uti wa mgongo, huleta homa siku hiyohiyo au ya pili. Nasari haiwezi kutofautisha homa ya chanjo na ya ugonjwa, itamrudisha tu. Kwa hiyo omba miadi ya siku ambayo kesho yake mmoja wenu yupo nyumbani. Tangu Januari 2026 watoto wanachanjwa tetekuwanga katika sindano moja na surua, matubwitubwi na rubella, akiwa na miezi 12 na tena miezi 18. Usiikose. Homa ya sindano hii mara nyingi huja wiki moja hivi baadaye, wakati mama ameshasahau chanjo na kudhani ni ugonjwa mpya.

Upande wa kazi sasa. Sheria ya ajira ya mwaka 1996 inampa mwajiriwa ruhusa ya dharura kwa ajili ya mtegemezi, tangu siku ya kwanza ya kazi, bila kikomo cha mara ngapi. Lakini ielewe vizuri: haina malipo, isipokuwa mkataba wako useme vingine, na imekusudiwa kushughulikia dharura, yaani kumchukua mtoto, kumpeleka kwa daktari, na kutafuta nani wa kubaki naye. Kwa kawaida ni siku 1 au 2. Si ruhusa ya kumuuguza wiki nzima ya tetekuwanga. Sharti lake ni umwambie mwajiri sababu mapema iwezekanavyo na utakosekana muda gani. Ukifuata hilo, hana haki ya kukuadhibu wala kukufukuza kwa kuitumia. Angalia tu mkataba wako umekuandika mwajiriwa. Nyumba nyingi za wazee zina mikataba isiyo na saa maalumu, na hapo hadhi yako inaweza kubishaniwa. Wakikusumbua, piga simu Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, 0300 123 1100. Ushauri ni bure.

Ujumbe kwa meneja uwe mfupi: nasari imenipigia, Yusra anatapika, naomba ruhusa ya dharura ya mtegemezi leo, sera inasema asirudi kabla ya Alhamisi, kesho baba yake atakuwa naye, mimi narudi shifti ya kesho. Utume kwa maandishi hata kama umeshapiga simu. Na usiseme wewe ndiye mgonjwa. Malipo ya ugonjwa ni ya ugonjwa wako mwenyewe, na uongo huo ukijulikana unakuwa kosa la nidhamu, wakati ukweli ulikuwa unalindwa na sheria.

Kwa shemeji kuna jambo la viza. Kwa kuwa yeye ndiye anayedhaminiwa, siku zake zisizo na mshahara zikizidi jumla ya wiki 4 kwa mwaka wa kalenda, mwajiri anaweza kulazimika kuacha kumdhamini, ukiondoa likizo maalumu kama za uzazi na za ugonjwa wake. Siku za mtoto zinaweza kuhesabiwa humo. Wewe kama mwenza wake huna kikomo hicho. Kwa hiyo mimi ningepanga hivi: siku ya kwanza ya dharura uchukue wewe, za pili na tatu yeye atumie likizo yake ya mwaka yenye malipo. Kwanza aulize kazini kwake. Hospitali nyingi za NHS zina sera ya ruhusa maalumu, na baadhi hulipa siku chache. Ile likizo ya wazazi isiyo na malipo haisaidii hapa, kwa sababu huombwa siku 21 kabla na huchukuliwa wiki nzima nzima.

Msizimalize likizo zenu kiangazi. NHS inahesabu mafua mara 8 au zaidi kwa mwaka kuwa kawaida kwa mtoto mdogo, na mengi huja kati ya Oktoba na Machi. Kila mmoja abakize siku 5 ambazo hazijapangwa, hata kama safari ya Tanga itafupishwa.

Mwisho, watu wa akiba. Fomu ya nasari ina nafasi ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Andika wawili zaidi yenu, na neno la siri, maana hawatamtoa kwa mtu asiyeandikwa hata umpigie meneja simu ukilia. Mmoja awe anaishi karibu, mwenye gari. Niandike mimi niwe wa pili. Jumatatu na Alhamisi niko nyumbani mpaka saa 8 mchana. Mtu akija kukaa na Yusra nyumbani kwenu hahitaji usajili wa Ofsted, wakaguzi wa shule na nasari, lakini akilea watoto wa watu kwake kwa malipo sheria ni nyingine, kwa hiyo wale wanaojitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp uwaulize usajili wao kwanza.

Nitumie picha za sera yao ukiipata, kurasa zote, hata zile za maandishi madogo. Tutaisoma pamoja kabla ya kusaini, na maswali ya kumpelekea meneja tutayaandika kwa Kiingereza.

Nisalimie shemeji na Hamad, na Yusra umbusu.

Wako,
Salma