Kelele hazijapungua, tumechoka kulalamika

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka 19 bila kukuandikia hata mstari. Habari yenu ya juma lililopita, ile iliyodai kuwa kelele mjini zimepungua kwa kuwa malalamiko yamepungua, imenishinda kuivumilia. Mwandishi wenu alimsikiliza afisa, akayaandika maneno yake, akaondoka. Hakubisha hodi kwa mtu yeyote aliyewahi kulalamika.

Angebisha kwangu ningemwonyesha daftari. Tumepakana na ukumbi wa starehe. Siku nne kwa juma, tangu saa nne usiku hadi saa tisa, mdundo wa besi unapenya ukuta mpaka glasi zinagongana kabatini. Nilipopiga simu niliambiwa niandike barua. Nilipoandika niliambiwa niweke kumbukumbu: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, aina ya kelele na jinsi inavyotuathiri. Ushauri huo ni mzuri na sina ugomvi nao, maana lalamiko lisilo na kumbukumbu huonekana chuki za majirani tu. Nikajaza daftari wiki sita, nikalipeleka. Mkaguzi akaja saa nne asubuhi! Ukumbi umefungwa, mfagiaji yuko peke yake mlangoni. Mkaguzi akasimama barabarani, akainua kipimo, akaandika kwamba hakuna kelele iliyozidi kiwango, na jalada likafungwa. Nilipomsihi arudi usiku, alijibu kuwa kazi yake huisha saa kumi jioni. Kisha, kabla ya kuondoka, akamwachia mfagiaji ujumbe wa kumfikishia mwenye ukumbi, akiitaja nyumba iliyolalamika. Usiku huohuo spika moja iligeuzwa ikaelekezwa dirishani kwetu. Mama yangu ana miaka 78 na shinikizo la damu. Alikaa kitini mpaka kulipokucha, ameziba masikio kwa mikono. Sikulalamika tena, na kunyamaza kwangu ndiko mlikokuchapisha kama habari njema.

Hata kipimo chenyewe kina la kuulizwa. Mara nyingi kelele hupimwa kwa mizani A, yaani mpangilio wa kipimo ambao huzipunguzia uzito sauti nzito, kwa hiyo besi inayotikisa kitanda hutoka ndogo kwenye karatasi. Mizani C huikamata vizuri zaidi, na vipimo vingi vya kitaalamu vinayo. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele ndani ya chumba cha kulala zisizidi wastani wa desibeli 30 usiku. Ni ndani ya chumba, Mhariri, usiku, si barabarani asubuhi. Na mtu asiseme zikizidi kumi tu si neno: kila desibeli 10 zinazoongezeka, sikio husikia sauti kama imekuwa maradufu.

Tena kuna ving'ora vya magari. Paka akirukia boneti, king'ora kinalia nusu saa na mwenye gari haonekani. Nimewahi kuripoti hilo pia. Maafisa wa mazingira wakanituma kwa wa usalama barabarani, na wa usalama barabarani wakanirudisha kwa wa mazingira. Lalamiko hilo sidhani kama liliandikwa popote.

Ninachoomba ni hiki. Kila lalamiko la kelele za usiku lipelekewe mkaguzi kati ya saa tano na saa nane usiku. Asisimame nje. Aingie chumbani, dirisha likiwa limefungwa, aketi kwenye kitanda cha aliyelalamika dakika kumi na tano, apime kwa mizani zote mbili, aandike anachokisikia na saa aliyokisikia. Jina na nyumba ya mlalamikaji visitajwe kwa anayelalamikiwa. Akija kwetu, kiti cha mama kipo karibu na dirisha, na daftari lipo juu ya meza.

Msomaji wako wa siku nyingi