Mwalimu wetu hatoi sauti, na ndo unachokilipia

Wiki iliyopita nimepata tena meseji ya mteja wa kozi yetu ya mtandaoni ya lugha ya alama ya Japani, dada mmoja yuko Saitama, hukohuko Japani, anasema kalipa mwezi mzima na mwalimu hajafungua mdomo hata siku moja, eti tunakula hela za watu. Iliniuma, maana siyo wa kwanza, kwa hiyo leo nieleze.

Mwalimu wetu ni kiziwi, Mjapani, nihon shuwa, yaani hiyo lugha ya alama ya Japani, ndo lugha aliyokulia nayo. Darasani hakuna sauti, iwe ya Kijapani au Kiswahili, na siyo kwamba tunabania hela ya mkalimani. Nihon shuwa siyo Kijapani cha mikono, ina sarufi yake na sehemu kubwa iko usoni. Ukiuliza kama mtu anaumwa, nyusi zinapanda, kidevu kinaingia ndani kidogo. Uso ukiwa mkavu hujauliza kitu.

Kuna kaka tulimpokea, anafanya kazi nyumba ya wazee, kajifunza kwa video za bure miezi minane huku anaongea Kijapani na mikono inafuata, maneno anayo mengi kweli. Kila asubuhi anamwendea bibi mmoja kiziwi, anaonyesha ishara ya maumivu, uso mkavu, bibi anaitikia kwa kichwa, yeye anaandika bibi anaumwa. Siku moja bibi kamletea plasta za mgongo, kumbe muda wote alidhani kijana ndo anamwambia anaumwa na alikuwa anampa pole. Huyo kozi ya miezi mitatu tulimfundisha sita, kwa sababu mitatu ya kwanza ilikuwa kumtoa mazoea tu, na alilipa yote.

Njia nyingine ya mkato ni yubimoji, herufi za vidole. Hasa Wakenya waliosoma lugha ya alama nyumbani, wakiona a i u e o ni zilezile wanazozijua, maana zilitoka kwenye alfabeti ya Wamarekani, wanaona kazi imeisha, basi kila neno linakuwa la herufi. Mtu anamwita Tanaka kwa ta, na, ka, wakati kiziwi anapishanisha vidole vitatu vitatu kama kanji, yaani herufi ya Kijapani, ya shamba la mpunga, anaongeza ishara ya neno katikati, basi.

Halafu mwanafunzi mwingine aliyehamia Osaka akasema tumemfundisha makosa. Ishara ya neno "jina" huku Kanto, upande wa Tokyo, unabandika dole gumba kwenye kiganja kama unaweka alama ya dole, Kansai, upande wa Osaka, unaweka kiduara cha vidole kifuani kama beji. Zote sahihi, na somo la pili tulisema.

Bei ni yeni 2,500 kwa somo na haishuki. Zaidi ya nusu ni ya mwalimu, na darasa ni watu sita, wakizidi hapo kwenye skrini mwalimu haoni nyusi. Wapo wanaosema kiziwi angefundisha kwa kujitolea, hapo hapana jamani. Shule za viziwi kwa miaka mingi ziliwakataza mikono wakalazimishwa kusoma midomo, sheria ya Japani yenyewe imekuja kuitaja lugha ya alama kuwa lugha mwaka 2011, leo watu wanaitaka halafu bure?

Dada wa Saitama, masomo yako manne yapo. Jumamosi taa iwe mbele ya uso siyo nyuma, zima maiki, na daftari weka pembeni, ukiinamisha macho kidogo tu sentensi imekupita.