Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ba mama, ba papa na vijana wa chama chetu cha Lubumbashi cha wagonjwa wa lupusi, ugonjwa huu wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, hata figo,

Mikutano ya Kamalondo ilifanyika, waliolazwa tuliwatembelea, msiba wa Katuba tulihudhuria. Hayo mnayajua. Wanachama 61, waliolipa michango 24. Ziliingia dola 870, zikatoka 690 kwa dawa, usafiri na msiba, kwenye kasha zimo 180. Oktoba tulikuwa watu 9 ukumbini, na ukumbi niliulipia kwa mfuko wangu.

Sasa lile linalosemwa nyuma yangu. Komite ilikataa kutoa pesa za chama kwa mtu aliyeahidi kuwapeleka wagonjwa wetu nje "kutiwa seli mpya". Nimeitwa mtu asiye na huruma. Najibu.

Tiba ya seli ipo, na mimi ndiye niliyewaletea habari zake kwanza. Huko Erlangen, Ujerumani, timu ya Profesa Georg Schett ilimtibu msichana wa miaka 20 mwenye lupusi kali mwaka 2021. Huchukua seli T, askari wa kinga walio katika damu ya mgonjwa mwenyewe, huzibadilisha jeni maabara ziweze kuzisaka seli B, ambazo ndizo chanzo cha kingamwili, protini za kinga zinazotuumiza, kisha humrudishia. Februari 2024 walitangaza matokeo ya wagonjwa 15: lupusi 8, ngozi kukakamaa 4, uvimbe wa misuli 3. Wote waliacha dawa za kushusha kinga. Nilifurahi kuliko yeyote kati yenu.

Lakini ni watu 15, hospitali moja, hakuna kundi la kulinganisha. Kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa hupewa dawa kali za saratani. Baadaye homa hupanda, na maambukizi humpata kwa urahisi. Mwaka huohuo Marekani iliagiza tiba za seli za aina hii zinazotumika kwa saratani ya damu ziandikwe onyo, kwa sababu baadhi ya waliotibiwa walipata saratani ya seli T. Sasa mtu asiyetaja hospitali, asiyeuliza hata hali ya figo za mgonjwa, anadai malipo ya mbele! Pesa zile zilinunua dawa zetu za kila siku. Wakileta tena ombi lile, nitakataa tena.

Mwaka huu tunatumaini kumpata daktari wa kuja kuzungumza nasi, na Mungu akipenda majaribio ya kweli yafike karibu nasi. Ambao hamjalipa, mweka hazina anawangoja.

Mwenyekiti