Barua kwa mwanangu mpelelezi

Idrisa, baba yangu,

Huku Mbezi hatujambo. Dada yako kaniambia umepata kazi ya kwanza, kumtafuta mtu aliyehama Kimara, na kwamba unashinda unapekua simu. Simu iache kidogo.

Anwani uliyopewa ni ya zile nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro. Zilipigwa X zikabomolewa 2017, barabara ipanuliwe. Ukienda utakuta lami. Ila mjumbe wa nyumba kumi hakubomolewa. Muulize yeye, au nenda serikali ya mtaa ukajitambulishe kwa jina lako halisi. Ukikosa huko, tafuta alikokuwa akikopa. Nimepika stendi ya Ubungo mpaka mabasi yalipohamishiwa huku Mbezi Luis, 2021, kwa hiyo najua ninachosema: mtu atabadili laini, atabadili mtaa, lakini mama ntilie anayemdai wali maharage anajua kahamia wapi. Wapiga debe nao vilevile. Kaa, kula, lipa, ndipo uulize. Ukianza na maswali watakudhania umetumwa na watu wa mikopo ya kausha damu, wale wa riba kubwa.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Nasikia anayekulipa ni mume, anayetafutwa ni mkewe. Hapo baba, simama. Umemuuliza huyo mwanamke aliondokaje? Usiku? Na watoto? Mwanamke anayeacha hata sufuria zake hakupotea, kakimbia. Stendi niliwaona: kanga imevutwa mpaka usoni, anataka basi la kwanza, liende popote, nauli haulizi. Kukicha anakuja mwanamume na picha mkononi, na sisi wote, kuanzia muuza maji mpaka wakatisha tiketi, hakuna aliyewahi kumwona mtu wa namna hiyo.

Ukimpata, muulize yeye kwanza kama anataka kupatikana. Akikataa, mteja usimtajie mahali alipo. Hela ya awali irudishe, ikipungua nitakuongezea. Wala usimhonge kijana yeyote wa kampuni ya simu akutolee namba alizopiga. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mimi miguu ya kukupelekea chakula gereza la Segerea sina.

Jumapili njoo, kuna samaki. Uje na jina la huyo mume. Yupo mpiga debe mmoja hapa anamkumbuka kila mtu aliyewahi kuleta fujo Ubungo.

Mama yako