Baba, mashine ya Babu si ya Mjerumani

Shikamoo Baba,

Natumaini hamjambo nyote hapo Tabora, na Mama mguu unaendelea vizuri. Mimi sijambo. Baridi imeanza kushika, asubuhi natoka bado giza na jioni narudi giza, lakini afya ipo na kazi inakwenda.

Nimeona nikuandikie kwa kalamu kwa sababu habari ya mashine ya kunyolea ya Babu, ile ya mpini inayowekwa wembe, haitoshi kwenye simu. Kila tukiigusa, salio linaisha au Baba mkubwa anaingia na hadithi yake kwamba ofisa wa Kijerumani ndiye aliyemwachia Mzee aliyemzaa Babu, tunaachia njiani. Naomba uisome barua hii mkiwa mmekaa wawili, wewe na yeye, baada ya chakula. Na kabla hujafika mwisho, ombi langu ni hili: msiiuze, wala asije mtu akaondoka nayo kwenda Dar "kuipima".

Naanza na ile njano iliyowatia watu homa. Yule bwana wa mali za kale alipoikwaruza kwa tupa pale shingoni, rangi nyeupe ikatoka na chini yake pakawaka njano. Baba, hiyo si dhahabu. Mashine hizi zilitengenezwa kwa shaba ya njano, ile ile ya makufuli mazito, kisha zikachovywa nikeli ili zing'ae na zisishike kutu. Tupa imetoboa nikeli, basi. Kidonda hicho hakitafunga tena, na kusema kweli kimeniuma kuliko nilivyodhani ningeumia kwa ajili ya kipande cha chuma.

Najua kwetu neno "Mjerumani" likitajwa, watu wanachukua majembe kuchimba mali iliyofukiwa. Hata siwalaumu. Mwaka 1916, vita vilipowabana, Wajerumani waligonga sarafu hapo hapo Tabora kwa mitambo ya reli, hadi ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Chini ya tembo waliweka herufi T, ya Tabora. Hiyo T ndiyo iliyonizindua. Nikajiambia, kama sarafu ina herufi inayotaja ilikozaliwa, na mashine nayo lazima ina yake. Ndiyo maana nilikusumbua uchukue mswaki wa zamani na sabuni uisugue chini ya kichwa, pale palipoganda povu la miaka mingi.

Sasa nikueleze aliyenifungua macho. Unajua kila asubuhi kazini nawanyoa wazee wanne kabla ya chai. Mmoja alikuwa fundi wa mitambo ujana wake, sasa mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki vizuri. Nilimwonyesha zile picha zako kwenye simu. Hakusema kitu. Aliinua mkono wake wa kulia akazungusha vidole viwili hewani, taratibu, kama anayefungua kifuniko cha chupa, halafu akafungua viganja vyote viwili kwa pamoja. Nilibaki nimeshika taulo. Baba, ndivyo alivyokuwa akifanya Babu pale chini ya mwembe! Anazungusha kitako cha mpini, na kichwa kinafunguka milango miwili kama dirisha la mbao, wembe umelala katikati. Aliniruhusu mimi nizungushe siku za Ijumaa kabla hajaenda msikitini. "Fungua mlango, mgeni aingie," ananiambia, naye anauweka wembe mpya.

Yule mzee akaniambia milango hiyo yenyewe ni ushahidi. Mashine za mwanzo kabisa hazikuwa na milango. King Camp Gillette, Mmarekani aliyeuza za kwanza mwaka 1903, yake ilikuwa ya kufungua vipande: kichwa, sahani ya chini, mpini. Unaweka wembe juu ya vijiti vidogo, unakaza skrubu. Hii ya milango kampuni yake ilianza kuitoa mwaka 1934. Mjerumani aliondoka Tabora Septemba 1916, Wabelgiji walipoingia. Hakuna namna ofisa wa Kijerumani angemwachia Mzee aliyemzaa Babu kitu ambacho kilikuwa bado miaka 18 kitokee duniani.

Lakini namjua Baba mkubwa, na namheshimu. Atasema milango huenda ilikuwapo Ulaya zamani na sisi hatukujua. Ulipopata yale maneno "Made in England" alisema hata Mjerumani alinunua vya Mwingereza, na hapo kwa kweli ana hoja, watu wananunua popote. Kwa hiyo tuache milango, tuache maneno, twende kwenye namba.

Umenitumia picha ya pili, safi, inasomeka: 694093, na mbele yake yale maandishi ya kifupi yenye maana ya hataza ya Uingereza. Hataza ni ile hati ya serikali inayomlinda aliyebuni kitu asiibiwe ubunifu wake. Namba hizo zina utaratibu. Zamani Waingereza walikuwa wanaanza kuhesabu upya kila mwaka, ndiyo maana namba za kale hutajwa pamoja na mwaka wake. Mwaka 1916 wakaacha mtindo huo, wakaanza mfululizo mmoja kuanzia 100001, ukaenda bila kurudi nyuma. Angalia mwaka huo, Baba. Ule ule ambao bendera ya Mjerumani iliteremshwa Tabora. Siku Wabelgiji wanaingia mjini, Waingereza walikuwa bado wako kwenye laki moja na kidogo. Ya Babu iko karibu laki saba. Hataza yenye namba hiyo ilichapishwa mwaka 1953.

Kama ingekuwa ya Kijerumani ungekuta alama nyingine kabisa, mara nyingi D.R.G.M. au D.R.P., na jina la mji wa Solingen unaosifika kwa visu na nyembe. Hakuna hata moja. Hii ni Gillette ya Uingereza, ya jamii waliyoiita Rocket.

Wiki iliyopita nilikuwa na mapumziko, nikapanda basi hadi Isleworth, magharibi ya London, kuona kiwanda kilipokuwa. Jengo bado lipo pale kando ya barabara kubwa, la matofali, na mnara wenye saa unaouona kutoka mbali. Lilifunguliwa mwaka 1937, na kazi ya nyembe ikahamishiwa Poland mwaka 2006. Nilisimama ng'ambo ya barabara kama nusu saa, mvua ya manyunyu inanyesha. Nikawaza kwamba kile kitu kilichomlainisha Babu shavu aliponibusu kilipita chini ya saa ile, kikapanda meli, kikapanda treni ya Reli ya Kati, kikashuka Tabora. Nilitamani sana uwe pale.

Sasa rudi nyuma kidogo, Baba. Unakumbuka Bibi alikuwa akisema kitu cha kwanza Babu kujinunulia kwa mshahara wa karakana ya reli "kilimfanya aonekane bwana"? Sisi sote tulidhani anasema redio. Redio hailingani, maana hata picha ya harusi yako inaonyesha ni ya juzi tu. Mimi sasa naamini Bibi alikuwa anasema mashine hii. Babu aliingia karakana kijana, miaka ya hamsini, na mwaka wa namba unakubaliana naye. Hakupewa na mzungu anayekimbia vita. Alitoa fedha yake mwenyewe dukani, fedha aliyoipata kwa grisi na nyundo, akaitunza hadi anakufa, na kila Ijumaa uso wake ulikuwa laini. Kwangu mimi hiyo ni kubwa kuliko dhahabu ya nani sijui. Mwambie Baba mkubwa simpokonyi Mzee wake hadithi. Inawezekana kabisa Mzee alipewa kitu na Mjerumani. Ila si hiki. Hiki ni cha baba yenu.

Kuhusu kuitunza: msiisugue kwa mchanga wala majivu wala steelwool, nikeli itaisha yote. Maji ya moto, sabuni na mswaki vinatosha, kisha ikaushwe kwa kitambaa na kuachwa milango wazi. Kama kitako kinazunguka kwa kukwama, tia tone moja la mafuta ya cherehani pale mpini unapoingia kwenye kitako, uache usiku kucha, asubuhi zungusha polepole bila kulazimisha. Ule wembe wa zamani uliomo ndani utoe wewe mwenyewe, usimwachie mtoto, umeoza kwa kutu na utamkata. Wembe wa kawaida wa pande mbili, huu wa dukani, unaingia bila shida, umbo lake halijabadilika. Halafu muulize Shangazi wa Isevya kama lile boksi dogo la mashine lipo. Nakumbuka alikuwa anawekea sindano ndani.

Barua hii inakuja na dada anayesafiri mwezi wa kumi na mbili. Nimempa na pakiti mbili za nyembe, nikamwambia aziweke kwenye begi kubwa la chini ya ndege, siyo la mkononi, wasije wakamnyang'anya uwanjani. Moja ni yako na moja ya Baba mkubwa, ila mashine ni moja, itabidi mpokezane.

Idi ikifika, nyoa nayo. Kaa palepale chini ya mwembe, mjukuu wako akuzungushie kitako, na mtu apige picha povu likiwa bado usoni.

Msalimie Mama, Shangazi, na majirani wote wa Ng'ambo. Baba mkubwa mpe shikamoo yangu ya peke yake.

Ni mimi mwanao,
London