Feni ya siling haina kosa, hewa ndio haina pa kutokea

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Kila msimu wa joto ukifika sisi tunaolala ghorofa ya juu tunaambiwa kitu kimoja tu, nunua kiyoyozi, na kama huna uwezo basi vumilia. Ni wachache sana wanaotaja ile feni kubwa inayofungwa kwenye siling ya ghorofa ya mwisho, ile inayovuta hewa ya nyumba nzima kupitia madirishani na kuisukuma juu ya siling mpaka nje. Na walioifunga wengi utawasikia wanasema haifai kitu. Hata mimi nilisema hivyo mwaka mzima.

Kwanza tuelewane kwa nini juu kunakuwa moto kuliko chini. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, kwa hiyo joto la jikoni na sebuleni lote linaishia huko vyumbani kwenu. Halafu kuna paa. Jua likiwaka mchana kutwa ile nafasi iliyo kati ya paa na siling inaweza kupita nyuzi 60, na joto hilo halitoki jua likizama, linashuka taratibu kupitia siling mpaka usiku wa manane, ndio maana nje unakuta kuna upepo mzuri kabisa na wewe ndani unageuza mto kutafuta upande wa baridi.

Sasa feni hii inafanya mambo mawili kwa mpigo, inaingiza ile hewa ya nje iliyopoa na wakati huohuo inafukuza joto lililojibana pale juu. Umeme inaokula ni kidogo, nyingi ni wati 200 mpaka 700, wakati kiyoyozi cha nyumba nzima kinataka 2,000 mpaka 5,000.

Basi mimi nikaita fundi, akatoboa siling, akafunga feni, akaunga waya, akaondoka. Usiku wa kwanza nikafungua madirisha nikawasha, ikanguruma kama mashine ya kusaga, hewa ikaingia kidogo tu halafu vumbi likaanza kushuka kwenye zile nyufa za siling na pembeni ya taa. Asubuhi shuka zimejaa uchafu. Nikamlaumu fundi, nikalaumu feni, nikaizima ikakaa hivyohivyo. Mwaka uliofuata akaja fundi mwingine kurekebisha mambo mengine kabisa ya umeme, akachungulia juu akashuka akaniuliza, "Sasa mama, hii hewa mmeipangia itokee wapi?" Sikuwa na jibu. Paa langu lilikuwa na vitundu viwili vya hewa vidogo, feni inasukuma hewa nyingi juu, hewa inakosa njia, inarudi chini na mavumbi yake.

Hilo ndilo ninalotaka wasomaji walishike, maana hesabu yake sio ngumu. Chukua eneo la nyumba yote, chini na juu, uzidishe na kimo cha siling. Nyumba ya mita mraba 140 yenye kimo cha mita 2.5 ina hewa mita za ujazo 350. Ukitaka ibadilike kama mara 20 kwa saa, unahitaji feni ya mita za ujazo 7,000 kwa saa, na feni ya namna hiyo inataka matundu ya kutolea hewa kwenye paa yenye jumla ya karibu nusu mita mraba. Nusu mita mraba iliyo wazi kweli, sio ya kupima kwa nje, kwa sababu wavu wa mbu na vile vibao vya kuzuia mvua vinaweza kula hata nusu ya uwazi. Fundi asiyekuuliza habari ya matundu usimruhusu atoboe siling yako. Na asikate mbao za kenchi ili feni itoshee, hizo ndizo zinazobeba paa, kuna feni nyembamba zinazokaa katikati ya mbao bila kugusa kitu. Kuna na za kuning'iniza kwa mikanda huku bomba laini likishuka mpaka kwenye siling, hizo kelele zake ni ndogo sana.

Matumizi nayo yana utaratibu wake. Usiiwashe mchana kama nje kuna joto kuliko ndani, utakuwa unajiletea moto nyumbani. Subiri jioni nje kukishapoa, zima kiyoyozi kama unacho, fungua madirisha ya vyumba mnavyolala, wazi kiasi tu ili upepo upite kwa nguvu, na milango ya vyumba iwe wazi. Iache ifanye kazi usiku kuta na sakafu zipoe, asubuhi mapema zima, funga madirisha, vuta mapazia. Nyumba itakaa na ubaridi wake mpaka mchana. Ila sehemu zenye unyevu mwingi hata usiku sipendekezi, utavuta unyevu ndani na mtalala mmelowa jasho vilevile.

Kuna jambo la hatari ambalo mimi nilikuja kulijua baadaye na naona halisemwi kabisa. Usiwashe feni hii madirisha yakiwa yamefungwa. Inavuta kwa nguvu, ikikosa hewa ya dirishani itavuta popote, hata kwenye bomba la moshi la hita ya maji ya gesi, na moshi uliotakiwa kutoka nje unarudi ndani ukiwa na kaboni monoksaidi, gesi ambayo huioni wala huisikii harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo dirisha kwanza, swichi baadaye, kila siku, na watoto wafundishwe hivyo. Kwangu swichi nimeihamishia juu kabisa mtoto asipofika, na kwenye paa fundi yule wa pili ameongeza matundu sita. Feni ni ileile ya mwanzo, haijabadilishwa hata waya.

Msomaji wenu, ghorofa ya juu